Jumapili kati ya Bristol na Bath



Leo mnivumilie kidogo, maana nataka kuanza na mchezo ambao wengi wetu tunauona tukipita tu: kriketi. Kwa hapa Dar es Salaam tunaujua kwa viwanja vya Upanga na Gymkhana, watu wamevaa nyeupe, wamesimama juani saa nzima kama wanasubiri daladala isiyokuja. Nami niliuona hivyo kwa miaka mingi, mpaka binamu yangu, mwalimu katika shule yenye timu ya kriketi, aliponikalisha kwenye nyasi na kunielekeza taratibu. Toka siku hiyo nimekuwa nikisoma habari zake za zamani, na iko moja ambayo hainitoki.

Kwa wasioujua mchezo huu, ni hivi. Timu moja inapiga, nyingine inarusha. Mpigaji akishaupiga mpira hukimbia kutoka vijiti vya huku kwenda vya kule, na kila akivuka ni mkimbio mmoja. Mrushaji kazi yake ni kumtoa mpigaji. Akimtoa amepata wiketi moja. Mpigaji akifikisha mikimbio 100 uwanja mzima humpigia makofi. Mrushaji akiwatoa watano katika zamu moja, naye amefanya kazi ya kutajwa. Katika mechi ndefu kila timu hupata zamu mbili za kupiga. Wachezaji wengi ni mafundi wa upande mmoja: ama anapiga, ama anarusha. Wachache sana wanayaweza yote mawili. Kwenye soka letu mtu wa namna hiyo tungemwita kiraka, na kila kocha anamtaka.

Kiraka ninayemzungumzia ni George Hirst. Alizaliwa mwaka 1871 katika kijiji cha Kirkheaton, jirani na Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, huko kwenye viwanda vya nguo. Aliacha shule akiwa na miaka 10 tu, akaingia kazini. Baadaye kriketi ikawa ndiyo kazi yake, akiichezea kaunti ya Yorkshire. Alirusha kwa mkono wa kushoto na kupiga kwa mkono wa kulia.

Mwaka 1906, mwezi wa Agosti, Yorkshire walikuwa wanaufukuzia ubingwa wa kaunti za Uingereza. Walikwenda Bristol kucheza na Gloucestershire, mechi ya siku tatu iliyokwisha Jumamosi tarehe 25. Wakapoteza. Na hawakupoteza kwa mbali. Walipoteza kwa mkimbio mmoja. Mtu wao wa mwisho alikuwa bado kijitini, mpira ukamgonga mguuni, mwamuzi akainua kidole, mechi ikawa imekwisha. Watu wa Yorkshire waliusimulia mkimbio ule kwa miaka mingi, kwa sababu ndio uliowanyima ubingwa. Mwaka huo ulikwenda Kent, kwa mara yao ya kwanza.

Jumatatu, tarehe 27, timu hiyo hiyo ilitakiwa kuwa Bath, mji ulio jirani na Bristol, kucheza na Somerset.

Katikati ilikuwepo Jumapili. Nyakati hizo kaunti hazikuchezea mechi za ubingwa siku ya Bwana. Nataka tukae kidogo kwenye Jumapili hiyo, lakini kwanza niwaambie kilichotokea Bath.

Hirst alikuwa anakaribia kutimiza miaka 35. Mwili wa mrushaji katika umri huo unajua kila mpira uliourusha. Alikuwa amecheza tangu majira ya kuchipua, siku sita kwa wiki, akisafiri kwa treni kutoka mji hadi mji, na mwaka ule alikuwa amerusha na kupiga kuliko inavyofaa kumwagiza binadamu yeyote. Alipopata zamu ya kwanza ya kupiga pale Bath akafunga mikimbio 111. Akachukua mpira, akawatoa Somerset sita kwa mikimbio 70. Zamu ya pili akapiga 117, na hawakuweza kumtoa. Akachukua mpira tena, akatoa watano kwa mikimbio 45. Yorkshire wakashinda kwa mikimbio 389. Mia mbili na watano wawili, katika mechi moja, mtu mmoja! Hajatokea mwingine katika kriketi ya daraja hilo aliyefanya hivyo. Na msimu ulipofungwa alikuwa na mikimbio 2,385 na wiketi 208, nalo jambo hilo hakuna mwingine aliyelifikia. Inasimuliwa kwamba aliulizwa kama anadhani yupo atakayekuja kuivunja rekodi hiyo. Akajibu kwamba hajui, ila atakayeivunja atakuwa amechoka sana.

Jibu hilo nitalirudia, maana lina jambo ndani yake kuliko linavyochekesha.

Sasa, msomaji mwenzangu, niambie: kwa nini hesabu hizo zilipatikana baada ya Bristol, na wala si kabla? Mhubiri mwenye haraka atakwambia: "Mungu alimwinua baada ya kumshusha." Mimi siko tayari kusema hivyo. Sipendi desturi yetu ya kumwekea Mungu saini kwenye kila matokeo ya uwanjani. Kama Mungu ndiye aliyewapa Yorkshire Bath, basi ndiye aliyewanyima Somerset, na wale nao walikuwa na mama zao waliowaombea. Tena ubingwa haukurudi. Mikimbio 389 ya Bath haikuufuta mkimbio mmoja wa Bristol. Ambaye anasubiri habari hii imalizike kwa kombe, nasikitika, halipo.

Ninachokiona mimi ni kitu kidogo zaidi. Jumatatu alikwenda.

Utasema, alikwenda kwa sababu alikuwa mchezaji wa kulipwa, angekwenda wapi tena? Ni kweli kabisa. Hirst alikuwa mfanyakazi. Nahodha wake, Lord Hawke, alikuwa bwana mkubwa aliyecheza bila mshahara, na kwa desturi ya wakati ule unahodha ulikuwa wa watu wa namna hiyo. Mtu wa kulipwa, hata angekuwa bora kuliko wote, alitumwa tu. Ratiba ilisema Jumatatu Bath, naye akaenda Bath. Lakini mimi nakwambia ratiba hiyo ilikuwa neema. Kama kwenda au kutokwenda kungeachwa mikononi mwa moyo wa mtu aliyepoteza kwa mkimbio mmoja siku ya Jumamosi, moyo ungesema kesho kutwa sitoki kitandani.

Najua hivyo kwa sababu mimi sikutoka.

Miaka mingi imepita, nami nilikuwa kijana, usharika wetu ulifanya uchaguzi wa viongozi. Nikapendekezwa kuwa katibu. Msinicheke, niliutaka ukatibu ule kuliko nilivyokuwa tayari kukiri. Nilikuwa nimeimba kwaya, nimefundisha watoto, nimebeba viti vya harusi zisizonihusu, na nilihesabu vyote hivyo kama mikimbio ubaoni. Kura zilipohesabiwa nikashindwa kwa kura moja. Kura moja! Nikaanza kumtafuta huyo mtu mmoja. Nilipita safu kwa safu kichwani mwangu: ni yule aliyenisalimia bila kunitazama, au ni yule niliyemnyima zamu ya kuimba sauti ya kwanza? Jumapili iliyofuata nilibaki nyumbani, nikasema nina malaria. Ya pili nikasema nimepata mgeni. Ya tatu sikutafuta hata uongo.

Katika uchaguzi huo huo alishindwa mama mmoja wa umoja wa wanawake, aliyekuwa mtunza hazina kwa miaka mingi. Yeye hakuondolewa kwa kura moja. Aliondolewa kwa kura nyingi, na maneno mengine yasiyopendeza yalisemwa juu ya daftari lake, ambalo lilikuja kukutwa safi. Jumatatu asubuhi, nilikuja kusikia, alikuwa kanisani na ufagio. Jumatatu ilikuwa zamu yake ya usafi.

Baada ya Jumapili ile ya tatu akaja nyumbani kwetu, ameshika kikapu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Unaumwa?"

"Hapana, mama. Nimepona."

"Ahaa. Basi Jumapili ijayo ni zamu yako kusoma somo la Agano la Kale. Nimeliangalia kwenye karatasi pale ofisini, bado wameandika jina lako." Akatoa ndizi kwenye kikapu, akampa mama yangu, akaondoka. Hakuniuliza juu ya kura. Hakunihubiria unyenyekevu. Kama angenihubiria nadhani leo ningekuwa nasali kwingine, au popote pasipo na uchaguzi.

Nikaenda, nikasoma. Somo lenyewe nimelisahau, ila nakumbuka karatasi ilikuwa inatetemeka.

Kila unapofika msimu wa kuchagua wazee wa kanisa, tunaomba Mungu atupe viongozi wenye hekima, na tunafanya vizuri kuomba. Wanaoshindwa hatuwaombei. Hesabu zikishasomwa, mchungaji anawaita mbele walioshinda, wanawekewa mikono, kwaya inaimba, na yule aliyekosa anatoka kwa mlango wa pembeni wakati wa wimbo. Baada ya mwezi tunaulizana, "Huyu ndugu mbona haonekani?" Kisha tunajijibu wenyewe, "Alikuwa anatafuta cheo tu." Labda ni kweli alitafuta cheo. Mimi nilikitafuta. Lakini mtu aliyetafuta cheo bado ni kondoo, na mchungaji wa Luka 15 hakuuliza kwanza kondoo amepotea kwa sababu gani.

Vivyo hivyo kwa kwaya zetu. Naijua kwaya iliyokosa nafasi ya kwanza kwenye mashindano kwa alama mbili, ikarudi nyumbani, na Jumapili iliyofuata viti vyao vilikuwa vitupu. Waumini walitoa sadaka kimya kimya kama msibani. Kwaya ile ilikuwa imeanza kumwimbia mwamuzi, na mwamuzi alipokuwa hayupo hawakuona wa kumwimbia. Ni maneno makali, najua, na baadhi yao ni wajomba na mashangazi wanaonisoma kila wiki. Nimewaambia ana kwa ana pia.

Nirudi kwenye ile Jumapili ya Agosti 1906. Timu imepoteza jana, kesho inacheza, na leo hakuna mechi. Ilikuwa sheria ya kawaida ya nchi yao, wala hakuna aliyeitunga kwa ajili ya kuwafariji Yorkshire. Lakini fikiria kama ratiba ingewapeleka moja kwa moja kutoka kijiti cha Bristol mpaka kijiti cha Bath bila siku ya kupumua. Tunasahau kwamba Sabato ilipewa pia watu waliopoteza. Tumeigeuza Jumapili kuwa siku ya ushuhuda wa walioshinda wiki: aliyepata kazi, aliyepona, aliyefaulu, aliyepata visa. Aliyekosa vyote hivyo anakaa benchi la nyuma na kujiona amekuja kwenye sherehe ya wenyewe. Ibada yetu ina nafasi ya toba, ina nafasi ya matoleo, ina nafasi ndefu sana ya matangazo, na mnada wa kuku baada ya hapo. Nafasi ya mtu kusema "Bwana, wiki hii nimeshindwa kwa mkimbio mmoja" iko wapi? Zaburi zimejaa watu wanaosema hivyo, na tunazisoma haraka haraka tufike kwenye mstari wa kushangilia.

Kitabu cha 1 Wafalme, sura ya 19, kina Jumapili ya namna hii ingawa haiitwi hivyo. Eliya amekimbia nyikani, ameketi chini ya mretemu, ameomba afe. Sisi tungemfanyia semina. Mungu alimtumia malaika na mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, akamwamsha, akala tena. Katika sehemu hiyo yote hakuna lawama hata moja. Usingizi mara mbili, chakula mara mbili, ndipo safari. Mwandishi hakuona aibu kutuandikia kwamba nabii wa moto wa Karmeli alihitaji kulala.

Halafu angalieni kinachofuata huko Horebu. Baada ya upepo na tetemeko na moto na ile sauti ya utulivu, Eliya analalamika kwamba amebaki peke yake. Anachopewa ni ratiba: nenda ukampake mafuta Hazaeli, umpake mafuta Yehu, umpake mafuta Elisha. Kazi tatu, na majina. Ni karatasi ile ya ofisini yenye jina lako, ambayo hawajalifuta. Na kazi ya tatu katika hizo ndiyo inayonifanya nirudi kwenye lile jibu la Hirst.

Aliyesema atakayeivunja rekodi atakuwa amechoka sana, alikuwa anasema habari za mwili wake. Tunaposifu viraka tunapenda kuisahau sehemu hiyo. Kila usharika unao wake. Ni yule mama anayepamba madhabahu Jumamosi, anaimba Jumapili, anapika chai ya wageni kutoka dayosisi, anafundisha watoto, anakwenda kwa wagonjwa Jumatano, na likitokea pengo lolote mchungaji anasema, "Mwambieni mama fulani." Tunamsifu siku ya wanawake, tunampa kanga, na kesho yake tunamwongezea kazi. Tukiulizwa tunasema ana karama nyingi. Ninashuku kwamba wengine wetu tunaita karama kile ambacho kwa kweli ni uvivu wetu wenyewe. Rekodi ya Hirst imedumu zaidi ya miaka 100 kwa sababu alikuwa hodari, lakini pia kwa sababu walimwengu wa kriketi, polepole, walijifunza kutomrushisha na kumpigisha mtu mmoja kiasi kile. Sioni kama kanisa limejifunza.

Ndiyo maana Elisha yumo kwenye orodha. Mungu hakumwambia Eliya ajikaze. Alimpa mwenzake wa kumpokea mzigo. Hirst naye alikuwa na mwenzake, tena wa kijiji kile kile cha Kirkheaton, Wilfred Rhodes, mdogo kwake kwa miaka sita, kiraka kama yeye, ambaye baadaye alipata wiketi zaidi ya 4,000. Na Hirst alipozeeka kwa kucheza aliingia kazi ya kufundisha vijana, akakaa miaka mingi katika shule ya Eton, akawafundisha na wa Yorkshire pia. Mtoto aliyetoka shule na miaka 10, akawa mwalimu Eton! Mimi katika maisha yake yote napenda sehemu hiyo kuliko hata zile 111 na 117.

Sitaki mtu aseme nimemfanya mchezaji wa kriketi kuwa mtakatifu. Habari zake nimezisoma kama mtu anavyosoma habari za uwanjani. Lakini mtume Paulo mwenyewe, katika 1 Wakorintho 9, hakuona haya kuwaambia Wakorintho waangalie wanaoshindana mbio, na wale wakimbiaji aliowaelekeza hawakuwa wazee wa kanisa.

Basi kama wiki hii umepoteza, iwe kura, kazi, kesi ya shamba au mchumba, leo usijilazimishe kutoa ushuhuda. Kaa benchi la nyuma, imba unachoweza, kula ukifika nyumbani, lala. Na kama wewe ndiye mwenye karatasi ya zamu pale ofisini, tafadhali usilikate jina la mtu kwa sababu hajaonekana Jumapili tatu.

Yule mama bado yupo. Amezeeka, goti linamsumbua. Mwaka jana wasichana wa umoja wa vijana waligawana zamu zake zote za usafi, wakampokonya ufagio kabisa, naye akanung'unika kwa wiki mbili kwamba pembe za kanisa hazifagiliwi vizuri. Jumapili iliyopita nilimkuta amekaa mapema, peke yake, karibu na dirisha, macho ameyafumba. Nikamsalimu kwa sauti ya chini, nikamuuliza kama anaomba.

"Hapana," akasema. "Nimekaa tu."